Bibi Harusi Si Mlinzi wa Viatu



Leo tumekuja na ugomvi kidogo, mtuvumilie. Mteja wetu mmoja amerudi fungate. Nguo zake zote tulimshonea sisi: gauni la nikaha, la kupamba, na abaya tano za kusafiria. Akaja dukani kutuonyesha picha kwenye simu. Picha ya kwanza, bwana harusi yuko majini, mikono juu, anacheka. Ya pili, bwana harusi amepiga mbizi, nyayo tu zinaonekana. Ya tatu, bwana harusi kapanda juu ya kiboya. Tukamuuliza, "Na wewe uko wapi?" Akasogeza, akasogeza, mpaka akafika kwenye picha moja aliyopigwa na mhudumu wa hoteli. Bibi harusi kakaa mchangani ndani ya abaya nyeusi, mkoba begani, taulo la mume mapajani, na mbele yake viatu vya mume vimepangwa sawasawa kama vya msikitini.

"Mimi nilikuwa nashika vitu," akasema.

Siku nne za fungate, na siku zote nne alishika vitu.

Hatukucheka. Abaya ile tuliikata kwa mikono yetu, tukaitia shanga za mikononi usiku kucha, na kumbe tulikuwa tunamshonea sare ya ulinzi.

Sisi ni mafundi cherehani watatu pamoja na binti mmoja anayejifunza kazi kwetu. Tunaandika kutoka Rhotia, wilaya ya Karatu, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, njia ya kwenda Ngorongoro. Kutoka hapa mpaka baharini ni safari ya kutwa kwa basi. Mwezi wa saba asubuhi tunafungua duka kwa sweta na shuka, ukungu umelala barabarani. Maji tunayoyajua ni ya mvua, ya korongo na ya lambo la kunyweshea ng'ombe, na mama zetu walitufundisha jambo moja tu kuhusu maji mengi: usisogelee. Kwa hiyo mkishangaa watu wa mlimani kuwaandikia nyinyi wa visiwani habari za bahari, hata sisi tunashangaa. Lakini wateja wetu wanakuja kwenu fungate, na tumechoka kushona nguo za kukalia mchanga.

Tulivyoingia wenyewe

Ili msiseme tunapiga domo tu, tueleze kwanza. Mwaka jana tulipewa kazi ya kushona nguo za kuogelea za stara kwa wasichana wa familia moja. Tulipomaliza tukajiuliza, tunauzaje nguo ambayo hatujawahi kuijaribu? Cherehani unaijaribu kabla ya kununua, na nguo ya majini lazima iingie majini.

Huku kwetu mabwawa ya kuogelea yako kwenye hoteli za watalii. Tukaenda kwenye moja, hatutaitaja, tukaomba kulipia asubuhi ambayo hakuna wageni. Tukaambiwa nguo zetu haziruhusiwi kwa sababu za usafi. Wakati tunaambiwa hivyo, mgeni mmoja aliyetoka kreta, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, alitupita na kaptula yake na kujitupa majini, chubwi! Sisi tuliotia udhu asubuhi ndiyo tukawa wachafu.

Hoteli nyingine ikatukubalia, msimu wa mvua, Jumatatu asubuhi, na mwanamke mfanyakazi wa hapo akatufundisha. Jumatatu ya kwanza tulishika ukingo tu. Ya tatu tukaelea chali, masikio majini, tunasikia mioyo yetu inagonga kama ngoma ya mbali. Ya sita tukavuka bwawa kwa upana wake. Ni umbali wa kama kutoka mlango wa duka mpaka barabarani, lakini tulipofika upande wa pili tulipiga vigelegele.

Ndipo mwezi wa saba tukaenda Dar es Salaam kununua vitambaa Kariakoo, na binti yetu wa kazi akaja na wazo lake. Alikuwa amesikia kwamba huko Coco Beach, Oysterbay, pepo za kusi zikivuma mawimbi huwa makubwa kidogo, na wapo vijana wanaofundisha kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Tukamwambia ana wazimu. Kisha tukaenda.

Wengi wenu Coco mnaijua kwa mihogo ya kukaanga na mishikaki ya Jumapili jioni. Sisi tulikwenda Jumatano asubuhi, ufukwe mtupu. Mwezi ulikuwa wa siku nane, na maji yalikuwa yanajaa kuelekea saa nne. Mwalimu alikuwa mwanamume, kwa hiyo kabla hatujavua viatu tulikaa tukakubaliana masharti. Hatugusi. Anasimama mbali na kutupigia kelele. Wa kusukuma ubao ni dada yake, naye aje. Simu zote zikae kwenye mkoba, hakuna kupiga picha bila kuulizwa. Alikubali bila maneno, akasema wateja wengine humwekea masharti makubwa kuliko hayo kuhusu mambo madogo kuliko hayo.

Nusu saa nzima tulikuwa mchangani. Ubao ni mrefu kuliko yeyote kati yetu, laini juu kama godoro la sponji, na una kamba ya kufunga kwenye kifundo cha mguu ili usikukimbie. Unalala kifudifudi, viganja kando ya kifua, unajisukuma, unaruka kwa miguu yote miwili, mguu mmoja mbele, magoti yamekunjwa, macho yanatazama ufukwe na siyo vidole vyako. Tulifanya hivyo mara ishirini. Kama mmewahi kuinuka haraka kutoka kwenye sijda mtoto anapoelekea jikoni kwenye moto, mnaijua nusu ya kazi.

Kisha akatupa mafunzo ambayo hata asiyetaka ubao anayahitaji. Ukisimama majini, ubao usiwe kati yako na wimbi, utakupiga tumbo. Ukianguka, anguka bapa kama chapati, usitangulize kichwa, kwani chini kuna mwamba. Ukiibuka, mikono itangulie kukinga kichwa. Na ukihisi mkondo unakuvuta kwenda kilindini, usishindane nao kurudi moja kwa moja, utachoka na kuzama. Ogelea pembeni, sambamba na ufukwe, mpaka utoke kwenye njia yake, ndipo urudi. Ukishindwa, elea, inua mkono, piga kelele.

Majini tukaangushwa kama magunia ya mbaazi. Maji ya chumvi puani, machoni, kooni. Lakini wimbi lililokwisha vunjika, lile la mapovu, likikushika vizuri linakubeba kwa nguvu ambayo hujawahi kupewa na chochote isipokuwa basi. Wawili kati yetu wanne walisimama. Mmoja alisimama kwa muda wa kusema Bismillahi mpaka mwisho, mwingine zaidi kidogo. Mkubwa wetu hakusimama hata mara moja. Aliteleza kwa tumbo mpaka mchangani, tena na tena, anacheka kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia dukani miaka yote ya kazi. Saa sita tulikuwa tumeshabadili nguo, na adhuhuri tulisali kwa wakati wake. Mitandio haikuchomoka.

Picha moja ilipigwa, kwa ruhusa yetu, na dada wa mwalimu. Sisi wanne tumesimama na ubao, tumefunikwa kutoka kichwani mpaka miguuni. Tukaituma kwa ndugu mmoja. Siku ya pili ilikuwa kwenye kundi la kamati ya harusi, la tatu kwenye kundi la wanawake wa msikiti, na wiki hiyo hiyo tukawa habari. Maneno tuliyoyapokea ndiyo tunayoyajibu leo, moja baada ya jingine.

"Haya imekwenda wapi?"

Haya ni sehemu ya imani, hatubishani na hilo. Tunauliza tu haya ya nani inalindwa mwanamke asipojua kuelea. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit, karibu na Chumbe, ikitoka Dar. Huku bara tunakumbuka MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere karibu na Ukara, tarehe 20 Septemba 2018. Kwenye orodha zote hizo wamo wanawake, mama na watoto migongoni mwao.

Hatusemi kuogelea kungewaokoa wote. Meli inayojazwa kupita kiasi ni kosa la walioijaza na walioiruhusu kung'oa nanga, siyo la abiria. Lakini wapo walionusurika kwenye Spice Islander kwa kushikilia magodoro mpaka wavuvi walipofika. Anayeelea ananunua muda. Na anayejua kwamba mwili wa binadamu ukitulia unaelea haparamii shingo ya mwenzake wakazama wote wawili. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia yetu. Sasa mtuambie, mwanamke anayepanda boti kila mwezi kwenda Dar kuchukua bidhaa, bila kujua hata kulala chali majini, huyo amehifadhi nini?

"Nguo inashika mwili"

Hapa mmetugusa kwenye kazi yetu, na hapa tunakubali nusu. Ni kweli, burkini nyingi zinazouzwa mitaani ni mbovu. Kitambaa chepesi, rangi ya kung'aa, ikiloa inaganda kama ngozi ya pili. Hiyo si stara. Lakini dawa ya nguo mbovu ni nguo nzuri, si kukaa nje.

Wala msidhani baibui au dera ni salama zaidi. Tulipima dera moja la pamba kwenye mizani ya duka la jirani: kavu lilikuwa na gramu mia nne na kitu, lililoloa kilo moja na nusu. Ndani ya maji linajizungusha miguuni kama kamba ya mbuzi. Ukitaka kusimama, linakuvuta chini. Na likishaloa, jamani, linaonyesha kila kitu kuliko nguo yoyote ya kuogelea. Anayemwambia mkewe aingie na dera kwa sababu ya stara hajawahi kuliona dera likitoka majini.

Nguo ya stara ya majini inataka hivi, na fundi wako mwambie hivyo. Kitambaa cha kuvutika cha nailoni chenye uzito, kisichonywa maji, rangi ya giza: bluu ya usiku, kijani cha chupa, nyeusi. Suruali isiyobana. Juu, kanzu fupi inayofika magotini, yenye bitana kifuani na kiunoni. Kwa ndani itiwe vitanzi vya kufungia kanzu kwenye suruali, ili wimbi lisiipandishe. Kilemba kishonwe pamoja na shingo. Pini ni marufuku, pini majini ni kisu. Uzi uwe wa poliesta, mshono wa zigizaga au ova-loki, kwa kuwa mshono wa kawaida ukivutwa unakatika. Sindano iwe ya ncha butu, ile ya vitambaa vya kuvutika, la sivyo utaona vitobo. Nguo ya hivyo ukiinuka majini, maji yanachuruzika na kanzu inaachia mwili. Tumeijaribu kwa mawimbi.

Na jambo hili lilituchekesha. Wanaoteleza kwenye mawimbi ya nchi za baridi, Wazungu wenyewe, wanavaa nguo za mpira kutoka shingoni mpaka vifundoni, wengine na kofia. Hawavai kwa sababu ya dini, wanavaa kwa sababu ya baridi. Hakuna anayewaambia wamejifunika sana.

"Mnaiga Wazungu"

Hili ndilo linalotuuma kuliko yote, kwa sababu linatoka midomoni mwa watu wa pwani. Nani anayeingia baharini huko kwenu kila maji yakipwa? Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wake wengi sana ni wanawake. Wanawake wa Kiislamu, kwa kanga na mitandio, maji kiunoni, jua kichwani. Nani anayechokoa pweza? Nani anayetanda dagaa? Bibi zenu. Mwanamke akiingia baharini kufanya kazi hakuna anayeuliza haya imekwenda wapi. Akiingia acheke kidogo, ndipo dini inakumbukwa.

Tena siku hizi maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto, na mwani ule wa bei nzuri, kotoni, unaharibika. Wakulima wanashauriwa kuupeleka kwenye maji ya kina kirefu zaidi. Huko kunataka boti, na kunataka kujua kuogelea. Asiyejua anabaki na mwani wa bei ndogo. Kwa hiyo mnaposema kuogelea si kwa wanawake, mnawatoa wanawake kwenye mapato yao. Mambo ya Wazungu hayamo humo.

Na kama ni historia ya dini, tuisome yote. Bi Umm Haram bint Milhan, radhi za Allah ziwe juu yake, aliposikia habari za watu wa umma huu watakaosafiri baharini, alimwomba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, amwombee awe miongoni mwao. Akawa. Alivuka bahari mpaka Kupro wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Uthman, akafia huko baada ya kushuka, alipoanguka kutoka kwenye mnyama wake, na kaburi lake liko karibu na Larnaca mpaka leo. Mwanamke huyo aliiomba bahari kwa dua.

Na Mama yetu Aisha? Alishindana mbio na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akamshinda. Baadaye alipoongezeka mwili wakashindana tena, yeye akashindwa, na Mtume akamtania kwamba hiyo inalipa ile. Hebu itazameni ndoa hiyo. Bora wa viumbe alikimbia pamoja na mkewe. Hakumwachia viatu avishike.

Mkitaka mifano ya sasa, ipo. Huko Ramin, pwani ya Baluchistan nchini Iran, wanawake wameteleza kwenye mawimbi wakiwa na hijabu. Senegal, nchi yenye Waislamu wengi, ina Khadjou Sambe, mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kuufanya mchezo huu kuwa kazi. Na karibu zaidi, Nungwi kwenu wenyewe, Panje Project imekuwa ikiwafundisha wasichana kuogelea, ndani ya nguo zinazofunika mwili wote. Picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Dunia nzima iliziona. Wangapi kati yetu walizipita kwenye simu bila kujua kuwa ni Unguja?

"Bibi harusi ataharibika"

Hili halisemwi kwenye kundi, linanong'onezwa. Kwamba msichana akiogelea, akiruka, akipanda ubao, atapoteza usichana wake na mume atamrudisha. Tulinong'onezwa sisi wenyewe na mama wa msichana mmoja, kwa huruma kabisa, hakuwa na ubaya.

Tutajibu kwa sauti, maana mnong'ono huu umewakalisha wasichana wengi. Maji hayamwondolei mtu heshima yake. Usichana ni jambo la mwenendo, kati ya mja na Mola wake, na si kitu cha kukaguliwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitamka wazi kwamba hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuthibitisha kama mwanamke amewahi kukutana na mwanamume au la. Kama ndoa itavunjika kwa sababu bibi harusi alijifunza kuogelea, ndoa hiyo ilikuwa imeshatoboka kabla haijaingia majini.

Na wale wa upande wa pili

Tusiwaonee wetu peke yao. Mwaka 2004 Aheda Zanetti, mwanamke wa Australia mwenye asili ya Lebanoni, alibuni burkini baada ya kumwona mpwa wake akihangaika kucheza mpira wa pete akiwa na hijabu. Mwanamke aliona tatizo la nguo, akalitatua kwa nguo. Sisi mafundi tunamvulia kofia. Lakini kiangazi cha mwaka 2016 miji kadhaa ya Ufaransa iliipiga marufuku kwenye fukwe zake, mpaka baraza lao kuu la mahakama lilipoisimamisha amri ya mji mmoja, Villeneuve-Loubet, tarehe 26 Agosti. Na nyuma ya mlima wetu hapa, hoteli inatuambia tu wachafu.

Angalieni basi. Mmoja anasema tumevaa kidogo mno, mwingine anasema tumevaa kupita kiasi. Hawapatani katika lolote, ila wote wawili wanataka tukae mchangani.

Tunachotaka

Tunayo maombi, na tunayasema kwa heshima.

Somo na makungwi wetu, mnamfundisha bibi harusi kupika, kujisinga, kufukiza udi, kumpokea mume. Mungu awalipe. Mwongezeeni jambo moja: kuelea chali kwa dakika tatu. Kwenye bajeti ya harusi kuna hina, piko, mpambaji, mpiga picha. Sisi tulilipa somo la mawimbi kila mmoja kwa pesa isiyozidi ya kupaka hina nzuri mikono na miguu. Hina inafutika baada ya wiki mbili.

Bibi harusi mtarajiwa, anza na maji yaliyotulia, pamoja na mwanamke anayejua, miezi miwili kabla. Usianze na ubao, ubao ni baada ya kuelea. Usiingie peke yako, wala pasipo na watu. Ukipata mwalimu mwanamume, weka masharti mapema kama tulivyoweka sisi, na asipokubali, ondoka. Na kalenda ya Hijria iliyo ukutani kwenu ni jedwali la maji pia. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa sana jioni kuelekea saa kumi, na hupwa sana asubuhi. Siku zile za kufunga sunna za mwezi mweupe ndizo siku za mikondo mikali. Mwezi wa saba na nane ni maji mafu, na hapo ndipo pa mwanafunzi.

Mabwana harusi, kama mpo mnaosoma simu za wake zenu, hoteli ina sehemu ya kuwekea viatu.

Wenye hoteli, mnauza fungate kwa Waislamu na kuchukua pesa zao. Andikeni wazi kwenye matangazo yenu kama mke wangu na stara yake mnamkubali majini. Kama hamumkubali, semeni kabla hajalipa. Na kama mnaweza kutenga saa moja ya wanawake kwa siku, mtaona watakavyojaa.

Na sisi mafundi wenyewe, kosa letu tunalikiri. Miaka yote hii tumewapima mabibi harusi kifua, kiuno, mkono, urefu, na hatukuwahi kuwauliza watafanya nini ndani ya nguo hizo. Sasa tunauliza. Mita ya kupimia ikiwa bado shingoni, tunamwuliza kila mmoja, "Unajua kuelea?" Wengi hucheka wakidhani ni utani.

Yule mteja wetu wa viatu hakucheka. Alikaa kimya, kisha akasema, "Nipimeni basi." Tumemshonea bluu ya usiku. Amekuja Jumatatu mbili. Bado anashika ukingo wa bwawa kwa mikono yote miwili na hataki kuuachia, na sisi hatumharakishi, kwa sababu sote tulianzia hapo hapo.

Allah atuhifadhi nchi kavu na baharini, awape mabibi harusi wetu ndoa zenye utulivu na kicheko, na awarehemu waliokufa majini. Amin.